Maswali ya Wasomaji: Kufungasha kozi za mtandaoni na kupanga mfuatano wa masomo

Barua zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinagusa jambo moja kwa njia tofauti: masomo yameandaliwa, video zimerekodiwa, majaribio yametungwa, lakini kozi inapofika hatua ya kufungashwa na kuwekwa kwenye mfumo wa kujifunzia, mambo yanakwama. Nimeanza na barua inayouliza msingi. Nafasi kubwa nimeipa ile inayohusu mfuatano wa masomo, kwa sababu hapo ndipo viwango vya kufungasha kozi, kama SCORM, vinapoeleweka kidogo kuliko kwingine, na makosa ya hapo humwangukia mwanafunzi moja kwa moja.

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa biolojia niliyeombwa kuandaa kozi ya mtandaoni. Fundi anayesimamia mfumo wetu aliniambia nimpe kozi "ikiwa SCORM". Nilimpelekea folda yenye kurasa na video, akanirudishia. Je, SCORM ni programu ninayopaswa kununua, au ni aina ya faili?

Jibu: Mwalimu, SCORM si programu, na kuiita aina ya faili ni kuieleza nusu tu. Ni mapatano kati ya pande mbili ambazo huenda hazijawahi kukutana: aliyeandaa kozi na aliyetengeneza mfumo utakaoionyesha. Mapatano hayo yanaeleza jinsi kozi itakavyofungashwa ili mfumo wowote unaoyafuata uweze kuifungua, na jinsi somo litakavyozungumza na mfumo mwanafunzi anapokuwa ndani yake.

Haja ya mapatano ya namna hii ilionekana mapema katika sekta ya usafiri wa anga, ambako wafanyakazi walifundishwa kwa kompyuta na kila mtengenezaji wa ndege alileta mafunzo yenye mfumo wake. Mwaka 1988 sekta hiyo iliunda kamati ya pamoja, AICC, iliyoweka kanuni za kwanza zilizoenea za mazungumzo kati ya somo na mfumo. Mwaka 1997 serikali ya Marekani, kupitia Wizara ya Ulinzi, ilianzisha mpango wa ADL, na mpango huo badala ya kubuni kila kitu upya ukakusanya kanuni zilizokuwapo: za mazungumzo kutoka AICC, na za kufungasha kutoka taasisi ya IMS, ambayo leo inaitwa 1EdTech. Matokeo yake ni SCORM, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Matoleo utakayokutana nayo kazini ni mawili: 1.2 la mwaka 2001, na SCORM 2004, ambalo lilirekebishwa mara kadhaa hadi chapa yake ya nne ya mwaka 2009.

Kifurushi chenyewe ni faili ya zip. Ndani yake zimo kurasa, picha na video zako zote, pamoja na faili moja ya lazima inayoitwa imsmanifest.xml. Faili hiyo, ambayo kwa kifupi huitwa manifesti, ni kama hati ya shehena inayosafiri na mzigo. Ina maelezo ya kozi, ina mpangilio wa masomo, yaani sura na vifungu kama mwanafunzi atakavyoviona, na ina orodha ya rasilimali, yaani kila faili iliyomo na mahali ilipo. Kila kifungu cha mpangilio kinaelekeza kwenye rasilimali moja. Baadhi ya rasilimali ni tuli, kama picha au ukurasa wa kusoma tu, na nyingine zina uwezo wa kuzungumza na mfumo. Hizo za pili huitwa SCO, na mfumo hupokea alama kutoka kwao peke yao.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwanafunzi akifungua somo, somo hutafuta ndani ya kivinjari kitu ambacho mfumo umekiweka tayari, kinachoitwa API katika toleo la 1.2 na API_1484_11 katika SCORM 2004. Likikipata hubisha hodi, kisha huuliza jina la mwanafunzi na mahali alipoishia. Anapojibu maswali, somo hutuma alama na hali yake, anapotoka, huaga. Folda yako ilirudishwa kwa sababu haikuwa na hati ya shehena, na kurasa zake hazikujua kubisha hodi. Programu nyingi za kuandalia kozi hufanya kazi zote mbili kwa kubonyeza mara moja, kwa hiyo huhitaji kuandika lolote kwa mkono. Muulize tu fundi wako mfumo wenu unakubali toleo lipi kabla hujabonyeza.

Swali: Nimepandisha kifurushi mara nne, na mara zote mfumo unasema hauoni manifesti. Nikikifungua kwenye kompyuta yangu, manifesti ninaiona kwa macho yangu. Tatizo liko wapi?

Jibu: Bila shaka uliifunga folda badala ya kufunga vilivyomo ndani yake. Manifesti inatakiwa iwe juu kabisa, mlangoni pa zip, na mfumo hauna wajibu wa kuitafuta ndani ya folda nyingine. Ingia ndani ya folda ya kozi, chagua vyote vilivyomo, kisha ndipo uvifunge. Kosa hili lilinipotezea siku nzima nilipofungasha kozi yangu ya kwanza.

Ukishalirekebisha, angalia pia herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Kompyuta ya Windows haitofautishi Somo1.html na somo1.html, lakini seva nyingi hutofautisha, na kifurushi kilichofanya kazi vizuri mezani kwako kinaweza kuonyesha kurasa tupu kikifika huko.

Swali: Ninaratibu mafunzo ya usalama kazini. Kozi ina sura tano, na kanuni zetu zinataka mtu asiingie sura ya tatu kabla hajafaulu jaribio la sura ya pili. Mtengenezaji wa kozi ametukabidhi kifurushi cha SCORM 2004 na kutuhakikishia kwamba sharti hilo limo. Tumekipima, na mtu anaingia sura ya tatu moja kwa moja, hata bila kugusa jaribio. Lakini akilifanya jaribio na kushindwa, mlango unafungwa. Hii inawezekanaje?

Jibu: Ndugu mratibu, umeeleza dalili kwa makini sana, na dalili hizo zinatosha kunionyesha kosa lilipo. Sharti limo kweli, ila limeandikwa nusu.

Katika toleo la 1.2, upangaji wa mfuatano ulikuwa haba: manifesti iliweza kutaja kwamba kifungu fulani kinahitaji kingine kimalizike kwanza, lakini mifumo haikulazimika kulitii hilo, na mingi haikulitii. SCORM 2004 ilichukua kanuni za upangaji ambazo IMS ilizitoa mwaka 2003 na kuzifanya sehemu ya mapatano. Katika kanuni hizo kozi nzima ni mti. Shina ni kozi, matawi ni sura, na majani ni masomo na majaribio. Mwanafunzi anapobonyeza "endelea" au anapochagua sura kwenye orodha, somo halimpeleki popote. Ombi linakwenda kwa mfumo, mfumo unautazama mti, unasoma kanuni zilizoandikwa kwenye kila tawi, ndipo unaamua jani gani lifunguliwe. Somo moja haliruhusiwi kulifungua jingine. Huo ndio uzuri wa mpango huu, na mimi nauthamini sana, kwa sababu somo lisilojua majirani zake linaweza kutolewa katika kozi moja na kupandikizwa katika nyingine bila kuvunjika.

Sharti lako huandikwa hivi. Jaribio la sura ya pili linapewa lengo, na matokeo ya lengo hilo yanaandikwa mahali pa pamoja ambapo mti wote unaweza kusoma. Sura ya tatu inasoma mahali hapo, na inapewa kanuni isemayo: kama lengo halijatimizwa, sura hii izuiwe. Kwa lugha ya kawaida sharti limekamilika. Lakini kwa mfumo, lengo lina hali tatu: limetimizwa, halijatimizwa, au halijulikani. Kabla mwanafunzi hajagusa jaribio, hali ni ya tatu. Mfumo ukiulizwa kama lengo "halijatimizwa", hujibu kwamba haujui, na kanuni isiyopata jibu la ndiyo haitekelezwi. Ndiyo maana asiyefanya jaribio anapita, na aliyeshindwa anazuiwa.

Dawa yake ni kuongeza sharti la pili katika kanuni ileile, ili sura ya tatu izuiwe kama lengo halijatimizwa *au* kama hali ya lengo haijulikani bado, na masharti hayo mawili yaunganishwe kwa neno "any", maana yake lolote kati yao likitokea linatosha. Mwambie mtengenezaji atazame masharti yanayoitwa satisfied na objectiveStatusKnown, yote mawili yakiwa na "not" mbele yake. Ni mistari michache tu.

Akiwa humo humo, mwombe akague mambo mengine mawili, kwa sababu katika mafunzo ya usalama siwezi kuyaacha yapite. La kwanza ni hili: kwa kawaida, jani lisiloripoti chochote huhesabiwa na mfumo kuwa limekamilika na lengo lake kutimizwa. Kanuni hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili kurasa za kusoma tu zisiwazuie watu. Lakini jaribio ambalo mtu amelifunga kabla halijatuma hali yake nalo linaweza kuhesabiwa kuwa amelifaulu. Kwa jani la jaribio, manifesti inatakiwa kusema wazi kwamba matokeo yatawekwa na somo lenyewe, kupitia mipangilio miwili: completionSetByContent na objectiveSetByContent, yote ikiwa "true". Ninaona uchungu ninapofikiria mtu anayepewa cheti cha kushughulikia mashine kwa sababu tu kivinjari chake kilizimika katikati ya jaribio.

La pili ni njia ambazo mwanafunzi anaweza kuzipitia. Kila tawi lina ruhusa ya kuchaguliwa kutoka kwenye orodha, ambayo huwa wazi usipoigusa, na ruhusa ya kusonga mbele kwa mfululizo, ambayo huwa imefungwa usipoigusa. Wengi husahau hiyo ya pili, kisha wanashangaa kwa nini kitufe cha "endelea" hakifanyi kazi. Kama mnataka watu wafuate mstari mmoja, fungeni uchaguzi na fungueni mfululizo.

Mwisho, uliza kama mfumo wenu unatekeleza kanuni hizi kwa ukamilifu. Moodle, mfumo wa kujifunzia unaotumika sana, kwa mfano, inafuata toleo la 1.2 vizuri, lakini haitekelezi kikamilifu upangaji wa mfuatano wa SCORM 2004. Kama mfumo wenu ni wa namna hiyo, marekebisho yote niliyoyaeleza hayatasaidia. Hapo ningegawa kozi katika vifurushi vitano vya toleo la 1.2, kifurushi kimoja kwa kila sura, na sharti la kufaulu ningeliweka kwenye mfumo wenyewe, ambao una mipangilio ya kuzuia shughuli moja hadi nyingine ikamilike. Mtapoteza uwezo wa kuihamisha kozi pamoja na masharti yake, lakini masharti yatafanya kazi, na mwalimu yeyote ataweza kuyasoma na kuyabadilisha bila kufungua manifesti. Watengenezaji wengi huchagua njia nyingine: wanaiweka kozi nzima ndani ya SCO moja na kupanga mfuatano humo ndani. Siipendi kwa kozi ndefu, kwani mfumo unaona jani moja tu, na mratibu hawezi kujua mwanafunzi amekwama sura gani.

Swali: Wanafunzi wetu wanalalamika kwamba wakifika kama robo tatu ya kozi, wakitoka na kurudi wanakuta wamerudishwa nyuma. Wanaotumia kozi fupi hawana tatizo hilo. Tunatumia SCORM 1.2.

Jibu: Kozi huhifadhi kumbukumbu ya alipofika mwanafunzi katika sehemu moja inayoitwa cmi.suspend_data. Katika toleo la 1.2, sehemu hiyo ina nafasi ya herufi 4,096 tu. Chukua kozi yenye maswali mengi, ambayo huandika kila jibu, kila ukurasa uliofunguliwa na kila kisanduku kilichobonyezwa: mwanzoni kumbukumbu ni fupi na inatosha, kila ukurasa huiongeza kidogo, na siku moja, katika ukurasa ambao hauna kosa lolote, inavuka kikomo. Mifumo mingine huikataa yote na kubaki na ile ya awali, hivyo mwanafunzi anarudishwa mahali alipokuwa ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Mingine huikata mwishoni, na somo likija kuisoma linashindwa kuielewa na kuanza upya.

SCORM 2004 kuanzia chapa yake ya tatu ilipanua nafasi hiyo hadi herufi 64,000, kwa hiyo kama mfumo wenu unaipokea, toeni kozi upya katika chapa hiyo. Kama haupokei, igaweni kozi katika vifurushi vidogo. Baadhi ya programu za kuandalia zina mpangilio wa kubana kumbukumbu, nao husaidia kiasi. Na tafadhali wajulisheni wanafunzi kwamba kosa si lao, maana wengi hudhani wamebonyeza vibaya.

Swali: Mwanafunzi amepata alama 85, lakini ripoti inasema "hajakamilisha". Tunaamini kipi?

Jibu: Viaminini vyote viwili, kwa sababu ni majibu ya maswali mawili tofauti. SCORM 2004 ilitenganisha kukamilisha na kufaulu katika sehemu mbili, na mtu anaweza kufaulu jaribio bila kufungua kurasa zote. Katika toleo la 1.2 sehemu ni moja, cmi.core.lesson_status, na thamani mojawapo tu kati ya "completed" na "passed" inaweza kukaa humo kwa wakati mmoja. Amueni kwanza ninyi wenyewe kozi inapima nini, kisha mwekeeni mtengenezaji sharti hilo kwa maandishi.

Swali: Nimeshauriwa niachane na SCORM kabisa nihamie xAPI. Mwingine ananiambia cmi5. Nimechanganyikiwa, je, hivi ni viwango vya aina moja?

Jibu: Si vya aina moja. xAPI, iliyotoka kama toleo la 1.0 mwaka 2013 na ambayo toleo lake la 2.0 limekuwa kiwango cha IEEE, taasisi ya wahandisi inayoweka viwango vya kiufundi, mwaka 2023, ni namna ya kuandika kumbukumbu za kujifunza kwa sentensi zenye mtendaji, kitendo na kitu: fulani amekamilisha zoezi fulani. Sentensi hizo hupelekwa kwenye hazina maalumu ya kumbukumbu, na zinaweza kutoka popote, iwe programu ya simu, mashine ya mazoezi au mchezo, bila kuhitaji kivinjari kilichofunguliwa na mfumo. Lakini xAPI peke yake haisemi kozi ifungashwe vipi wala ifunguliwe vipi. Aliyekushauri kuibadilisha SCORM kwa xAPI tupu amekupa nusu ya daraja.

Nusu nyingine ni cmi5, ya mwaka 2016, iliyoanzia ndani ya kamati ileile ya AICC kabla haijavunjwa mwaka 2014 na kazi kukabidhiwa ADL. Inarudisha kifurushi na faili ya muundo wa kozi, inaeleza mfumo utakavyolifungua somo, na inaamua vitendo tisa ambavyo kila upande unavielewa kwa maana moja. Inaondoa pia kero ya zamani ya somo na mfumo kulazimika kukaa kwenye anwani moja ya intaneti, kwa kuwa somo halitafuti tena kitu ndani ya kivinjari bali hutuma kumbukumbu moja kwa moja.

Hata hivyo, soma hili kwa makini kama umeifuata barua ya mratibu hapo juu. cmi5 haina mti wa kanuni kama wa SCORM 2004. Kila somo lina sharti moja la kuhesabiwa kuwa limetimizwa, ambalo ni kukamilisha, kufaulu, vyote viwili, kimojawapo, au kutokuwa na sharti. Nani aone nini na kwa utaratibu gani, hilo limeachiwa mfumo. Mimi naona huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu kanuni za 2004 zilikuwa na nguvu kubwa ambayo watengenezaji wachache waliweza kuitumia bila kukosea. Lakini kama kozi yako inategemea kanuni hizo leo, kuhama kuna gharama, na gharama hiyo ni kuzijenga upya ndani ya mfumo. Kama unachohitaji ni kujua nani amemaliza na amepata alama ngapi, toleo la 1.2 bado linatosha, na karibu kila mfumo unalipokea.

Swali: Mtengenezaji aliyetuandalia kozi amemaliza mkataba na kutuachia faili ya zip tu. Tunataka kubadilisha maswali matatu. Je, tunaweza kuifungua na kuyabadilisha?

Jibu: Kufungua mtaweza, kubadilisha ni bahati nasibu. Kifurushi ni matokeo ya kazi, na mara nyingi maswali huwa yamesagwa ndani ya faili moja ndefu ya skripti ambayo haikukusudiwa kusomwa na binadamu. Mkibadilisha maandishi ya swali huenda mkafaulu, lakini mkigusa idadi ya majibu au jibu sahihi mnaweza kuvuruga ukokotoaji wa alama bila kujua. Mwombeni mtengenezaji faili za asili za programu aliyoandalia kozi, pamoja na picha na sauti ambazo hazijabanwa, na mtajiwe jina na toleo la programu hiyo. Katika mkataba ujao andikeni kwamba faili hizo zikabidhiwe pamoja na zip siku ileile, na kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa kabla mtu wenu hajazifungua, hajabadilisha swali moja, na hajatoa kifurushi kipya kinachokubaliwa na mfumo wenu.